Kidonda cha mguu na ugonjwa wa sukari

Wapendwa, mama mmoja wa kwetu alichomwa na mwiba shambani, hakusikia maumivu. Tulipouona mguu, ulikuwa umeanza kuoza.

Sukari ikizidi damuni kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, ndiyo maana hakusikia. Damu nayo haifiki vizuri miguuni, na chembe nyeupe, askari wa mwili, hulegea. Tena kidonda kikiingia vijidudu, sukari huzidi kupanda.

Kila jioni tuwakague wagonjwa wetu nyayo na katikati ya vidole. Wasitembee peku. Hata kidonda kidogo, zahanati siku hiyo hiyo.

Na sisi wachungaji tuliwahi kukosea: mwenye kutumia insulini au vidonge asiache dawa kwa sababu ya maombi, wala asifunge kabla ya kumwuliza daktari.