Mwanachuo Yuko Nyumbani: Tumpe Nafasi Apumzike

Kijitabu hiki ni cha nyumba nzima. Tungeweza kumwandikia mwanachuo peke yake, tukamwambia alale mapema, ale vizuri na anyooshe mwili. Angesoma, angekubali, kisha angeitwa jikoni akakune nazi.

Chukua binti anayesomea uuguzi katika kampasi ya Msambweni ya Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya (KMTC), naye analala kwao. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anajaza mitungi, anafagia uwanja, anawaandaa wadogo zake waende shule. Mchana kutwa amesimama wodini. Jioni mbuzi ya nazi inamngoja. Daftari analifungua saa nne usiku na kulifunga saa sita, na saa kumi yuko macho tena. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Yeye amepata 4. Mwenzake wa Ukunda anayesoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor, ana matatu hadi Likoni, msongamano wa feri, kisha matatu nyingine, na kurudi ni vivyo hivyo. Wavulana nao huchoka, lakini tuseme kweli: mbuzi ya nazi haiwangoji wao.

Mtu akilala ndipo ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi aliyoyasoma. Anayekesha ili amalize kurasa zilizobaki huamka na kurasa nyingi lakini kumbukumbu chache. Wengine hutafuta msaada kwenye muguka au miraa. Majani hayo yana kathinoni, kichangamsho kinachofukuza usingizi na kuharakisha mapigo ya moyo, na nguvu yake ikiisha mwili huanguka na moyo hujaa huzuni. Mei 2024, kaunti ya Mombasa ilipotangaza marufuku ya muguka, ubishi mkubwa ulikuwa wa biashara na sheria. Lakini nyumbani swali ni la usingizi: ukimkuta mwanao anatafuna usiku wa mtihani, anza kwa kumuuliza amelala saa ngapi wiki hii.

Basi kaeni kikao kimoja, hata baada ya chakula cha Jumapili, mpange saa moja ya kila siku iwe yake. Saa hiyo haombi ruhusa wala haulizwi anafanya nini. Kazi zake za wakati huo apewe mwingine, na kaka mtu asisahauliwe. Akitaka kulala, alale. Akitaka kwenda kusukwa nywele na kucheka na wenzake barazani, huko nako ni kupumzika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atembee au afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Kwetu pwani hilo halihitaji pesa. Diani kuna njia za umma za kuteremkia ufukweni katikati ya hoteli, na maji yakipwa mchanga huwa mgumu, mguu hauzami. Jioni aende na mwenzake.

Chakula tusikipitie kwa wasiwasi: muhogo na mbaazi asubuhi vinamshibisha kuliko chai tupu. Na chai kali au kahawa iishie alasiri.

Jambo zito zaidi ni pesa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) ukichelewa, yeye ndiye wa kwanza kujua na wa mwisho kusema. Mzazi naye, kwa uchungu wake, humkumbusha kila sahani ikiwekwa mkekani: "Mwanangu, tumeuza mbuzi kwa ajili yako." Ni kweli, mmeuza. Lakini neno hilo likirudiwa kila jioni, chakula humkwama kooni. Karo itengewe siku yake, mkae na karatasi, mhesabu pamoja kilichopo na kilichopungua. Siku nyingine ale kwa amani.

Kuna uchovu ambao saa moja haiuondoi. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi halali au analala mno, amejitenga, hataki kula, analia bila sababu, au anasema afadhali asingekuwepo, mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Msambweni au zahanati iliyo karibu, na mshauri wa wanafunzi chuoni aambiwe. Kumsomea dua ni jambo jema. Dua na dawa huenda pamoja. Msifiche kwa kuogopa polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia nyingi zilinyamaza na wagonjwa wao. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Akisema maneno ya kujidhuru, muulizeni waziwazi, wala msimwache peke yake usiku huo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba 1199, haina malipo. Iandikeni kwa kalamu nene pembeni ya kalenda, mahali ambapo ataiona bila kumuuliza mtu.