Somo la Nyumbani: Tulipie King'amuzi au Tuache?



Baadhi ya akina mama wa mtaa wetu wametuomba tuandike somo juu ya king'amuzi. Pengine wako watakaosema kwamba jambo hilo ni dogo mno kuandikiwa somo. Sisi hatuoni hivyo. Fedha inayotoka nyumbani kila mwezi pasipo kuzungumzwa si jambo dogo, na hapa kwetu Ukonga, kuanzia Banana mpaka Gongo la Mboto, ziko nyumba ambamo kifurushi cha televisheni hulipiwa tarehe ile ile kinapokwisha, na mchango wa shule wa mtoto ukangoja. Swali lililoletwa kwetu ni hili: Je, yafaa tuache kulipia, na yale tunayoyapenda tuyatazame kwa njia nyingine?

Kabla ya kujibu, hatuna budi tujue tunalipia nini, maana wengi hawajui. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni hadi mwaka 1994. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wametutangulia kwa miaka ishirini hivi. Sisi tuliozaliwa karibu na wakati wa Uhuru tulikuwa watu wazima wenye watoto ndipo tukaona ITV, CTN na DTV zikianza. Siku zile mtu alihitaji seti na antena tu, na antena yenyewe wengine waliitengeneza kwa waya na mfuniko wa sufuria. Picha ilikuja na chenga, lakini ilikuja bure.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa hapa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Toka hapo pasipo king'amuzi hakuna picha. Na toka hapo watu wengi wamechanganya mambo mawili. Kununua king'amuzi ni jambo moja, kulipia kifurushi ni jambo lingine. Mpango wa vile ving'amuzi vinavyotumia antena ya kawaida ulitaka vituo vya bure vya hapa nchini, kama TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV na EATV, vionekane hata kama mwenye nyumba hakulipa senti. Vya dishi vina habari yake. Mwezi Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano iliyaagiza makampuni ya dishi yaviondoe vituo hivyo, kwa sababu leseni zao zilikuwa za matangazo ya kulipia. Watu walilalamika sana, wala hatukuwashangaa. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Usipolipa hupati kitu," umwulize kwanza: Chako ni cha antena au cha dishi?

Basi, ikiwa taarifa ya habari yaweza kupatikana bure, tunalipia nini? Tuseme kweli: tunalipia mpira. Ziko pia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo zimewafanya mabibi wengine wajue mambo ya Istanbul kuliko ya Chanika, na ziko katuni za watoto. Lakini nguzo ya biashara ni mpira. Mwaka 2021 kampuni ya Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu walitia sahihi mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu yetu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo hazikuokotwa barabarani. Zinatarajiwa kurudi kupitia vifurushi vyetu, na kila mwenye ushabiki wa Simba au Yanga anazichangia. Hatusemi kwamba ni vibaya. Vilabu vimefaidika, na wachezaji nao. Tunasema tu kwamba anayelipa ajue analipia nini.

Sasa tufanye hesabu kama tulivyozoea ubaoni. Tuchukue nyumba moja ya mfano: baba, mama, bibi, kijana wa kidato cha tatu, na watoto wawili wadogo. Kifurushi chao tuseme ni sh. 28,000/= kwa mwezi. Kwa mwaka ni sh. 336,000/=. Mama anaitazama jumla hiyo, anaikumbuka bati iliyotoboka juu ya jiko, anasema, "Tuache." Baba anakubali. Mwezi wa kwanza kila mtu anajisifu.

Lakini hamu ya kutazama haikuachwa. Imehama tu. Mama anafuata tamthilia yake kwenye simu, kijana ana simu yake, na wadogo wanapewa ya baba ili wanyamaze. Simu tatu, kila moja ikiwekewa bando la sh. 500/= kwa siku, ni sh. 1,500/= kwa siku, nayo kwa siku 30 ni sh. 45,000/=. Tena bando hilo halitoshi. Video ya ubora wa kawaida hula kiasi cha nusu gigabaiti kwa saa moja. Mtoto anayetazama saa mbili kila siku hufikisha saa 60 kwa mwezi, yaani gigabaiti 30. Muulizeni mwenye duka la vocha hizo ni shilingi ngapi. Halafu baba na kijana wanakwenda kibanda umiza. Kiingilio tuseme ni sh. 1,000/= kila mmoja, nao wakaenda mara nane kwa mwezi; hiyo ni sh. 16,000/=. Jumlisha: sh. 61,000/=. Nyumba iliyotaka kuokoa 28,000 imetumia zaidi ya mara mbili yake, na bati bado limetoboka. Hakuna aliyegundua, kwa sababu 28,000 hutoka kwa mkupuo na huuma, bali 500 hutoka kimya kimya.

Tarakimu hizi ni za mfano. Kila nyumba iweke zake. Lakini njia ya hesabu ni hiyo hiyo, na yeyote atakayeamua bila kuipitia anabahatisha.

Hayo ni ya fedha. Kuna jambo ambalo kwetu ni zito kuliko fedha, nalo ni hili: watu hukaa wapi, na pamoja na nani, wakati wa kutazama?

Tulipokuwa shule ya msingi, mwaka 1973, nchi nzima ilikuwa katika kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilikuwa moja kwa watu wengi. Kikundi kilikusanyika chini ya mwembe au darasani, kikasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kisha redio ikazimwa na watu wakazungumza: maji yetu tunayachota wapi, choo chetu kiko wapi, nani anaumwa malaria. Waliojiandikisha katika vikundi vile walikuwa karibu milioni 2, na vyoo vilichimbwa kweli kweli. Hatukumbushi hayo kwa kutamani umaskini wa redio moja. Tunayakumbusha kwa sababu chombo kile kilikuwa katikati ya watu, na lililosikika lilijibiwa na mtu wa karibu.

Televisheni ya sebuleni, pamoja na makosa yake yote, bado ina kitu cha namna hiyo. Likitokea la aibu, baba hukohoa, mama hubadilisha kituo. Mtoto akiuliza, "Bibi, kwa nini yule analia?" yupo bibi wa kumjibu. King'amuzi chenyewe kina namba ya siri ya kufungia vituo visivyofaa watoto, ingawa tumeona nyumba nyingi ambako mwenye kuijua namba hiyo ni mtoto. Simu haina mtu wa kukohoa. Kipindi kikiisha huleta kingine yenyewe, mtoto hakukichagua wala mzazi hakukiona. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza aweza kukutambulia watoto waliolala na simu. Wanafika asubuhi macho mekundu, na herufi hazikai kichwani.

Na hicho kibanda umiza? Hatupendi kukilaani. Kina ajira ndani yake, na mpira una utamu wake ukitazamwa na wengi. Kwa mchezo wa jioni, kijana akiwa na baba yake, hatuna neno. Lakini mechi za Ulaya za katikati ya juma huanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa zetu, na huisha saa 6 au saa 7. Kijana wa kidato cha tatu aliyeachiwa njia ya gizani saa 7 za usiku, kwa sababu nyumbani tumeokoa 28,000, ametugharimu kiasi gani? Kwenye vibanda vingine kamari za mpira zipo pale pale mlangoni. Wazazi wayaweke hayo pia katika mizani.

Yuko tena mtu mmoja ambaye kwa kawaida haulizwi. Ni yule asiyetoka nyumbani. Katika ziara za kuwaona wagonjwa tumekuta nyumba ambazo mama mzee, miguu imekataa, anashinda peke yake tangu watu waende mjini alfajiri hadi wakwamuke katika foleni ya barabara ya Nyerere usiku. Binti wa kazi yuko uani anafua. Sauti pekee inayomsemesha yule mama mchana ni ya televisheni. Anazijua saa kwa vipindi. Mwenye mshahara akiamua kukata kifurushi, yeye hupata mpira kwenye simu ofisini, na mama mwenye mshahara wake huitazama tamthilia kwenye daladala. Asiyekuwa na simu kubwa, wala macho ya kuisoma, ndiye anayebaki na ukuta. Tunasema kwa uwazi: penye mtu wa namna hiyo, neno lake liwe la kwanza. Huenda anahitaji vituo vya bure tu, na redio nzuri karibu na mto. Huenda hahitaji zaidi ya hapo. Lakini aulizwe, akiwa amekaa na wenzake, si kuambiwa baada ya kukatwa.

Tumeulizwa vilevile juu ya njia ya mkato. Wako vijana wanaojaza sinema katika flashi kwa bei ya soda, na wako wanaotoa anwani za kutazama mpira wa kulipia bila kulipa. Hapo jibu letu ni fupi. Kazi ya mtu mwingine ikiuzwa pasipo ruhusa yake ni wizi, na nchi yetu ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Wasanii wetu wa Bongo Movie wameumia sana kwa mtindo huo. Kama hatuna fedha ya kulipia kitu, tukikose.

Sasa, shauri letu ni lipi? Kwa nyumba nyingi za kwetu hatuoni sababu ya kulipia kifurushi kikubwa miezi 12 mfululizo. Ving'amuzi hivi ni vya malipo ya kabla. Ukiacha mwezi mmoja hakuna faini, na ukirudi hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Makampuni mengine huuza hata kifurushi cha wiki au cha siku. Basi yawezekana kulipia mwezi wa likizo watoto wakiwapo, kuacha mwezi wa mitihani, na kununua wiki moja watani wa jadi wanapokutana. Hilo si kukata wala kuendelea. Ni kununua kinachohitajika, kama tunavyonunua sukari ya sikukuu. Ila penye mgonjwa tuliyemtaja, na penye kijana ambaye televisheni ya nyumbani ndiyo inayomzuia asitoke usiku, sisi tungelipia kifurushi kidogo kila mwezi na kupunguza penginepo.

Yeyote anayefikiri kuacha afanye jaribio kwanza. Kifurushi kikiisha, asilipe. Akae siku tatu, aone ni vituo gani vimebaki. Kama king'amuzi ni cha dishi na hakuna kilichobaki, aulizie cha antena, au aazime kwa jirani ajaribu kama mawimbi yanafika kwake, maana wakaao mabondeni nyuma ya vilima hawapati sawa na wa juu. Halafu achukue daftari la kurasa 32. Kwa mwezi mzima kila senti ya bando, ya kiingilio na ya vocha iandikwe humo, na jina la aliyeitumia na saa aliyorudi nyumbani. Watoto nao waandike. Zile 28,000 zipangiwe kazi siku ile ile, zipelekwe kwa fundi wa bati au kwenye kibubu, kwa maana fedha isiyopangiwa kazi haitaonekana tena ifikapo Jumatano.

Watakaofanya jaribio hilo mwezi ujao, tunawaomba waje na daftari zao Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada ya pili, katika chumba cha shule ya Jumapili. Tutalinganisha hesabu pamoja. Majina hayatasomwa. Kalamu na chai vitakuwapo.