PAKA MWENYE MANYOYA MAREFU: SURA YAKE NA UKOO WAKE



Kazi ya paka shambani yajulikana na kila mtu. Panya huingia ghalani usiku, hutafuna nafaka na magunia, na hukojolea kile asichokula. Na mwenye shamba hupoteza chakula alichokitolea jasho. Kwa hiyo nyumba yenye mahindi yapasa kuwa na paka. Lakini awe paka wa namna gani? Katika somo hili tutamtazama paka mmoja asifiwaye sana, ambaye jina lake laweza kumfanya mtu atoe fedha nyingi asipate kile alichodhani amekinunua.

1. Paka huyu ni nani?

Katika pembe ya kaskazini mashariki ya Marekani liko jimbo liitwalo Maine. Baridi yake ni kali, na wakati wa kipupwe theluji hufunika mashamba. Huko walitokea paka wakubwa wenye manyoya marefu, waliokaa katika mazizi na maghala wakiwinda panya. Jina lao ni Maine Coon. Basi ujue kwamba paka huyu wa thamani alianza kuwa paka wa mkulima, kama huyo wako.

Mwaka 1895 yalifanywa maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Madison Square Garden, mjini New York, na paka jike wa Maine aitwaye Cosey akapata tuzo ya kwanza. Baadaye watu wakapenda zaidi paka wa Kiajemi, na wale wa Maine wakasahauliwa, hata katika miaka ya 1950 wengine wakadhani kwamba wamekwisha. Hawakuwa wamekwisha. Wafugaji wachache walizitunza koo zao na kuziandika, na mwaka 1976 chama cha Cat Fanciers' Association kikawakubali kushindania ubingwa katika maonyesho yake. Mwaka 1985 jimbo la Maine likamfanya kuwa paka wake rasmi.

Wako wasemao kwamba Maine Coon ni mtoto wa paka na rakuni, mnyama wa mwitu mwenye mkia wa pete. Neno hili si kweli. Paka na rakuni hawawezi kuzaana, kama vile mbwa na mbuzi wasivyoweza.

2. Alama ambazo watu huzitazama

Maine Coon ana mwili mrefu na mifupa minene. Kinywa na pua yake vina umbo la mraba. Masikio ni makubwa, na nchani mwake mara nyingi pana vishungi vya manyoya. Mkia ni mrefu na umejaa manyoya. Shingoni na tumboni manyoya ni marefu kuliko mabegani. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 6 hata 8, na jike kilo 4 hata 5 hivi. Hukua polepole, wengine hawatimizi ukubwa wao mpaka wawe na umri wa miaka 3 hata 5.

Sasa angalia vema. Hakuna hata alama moja katika hizo iliyo ya Maine Coon peke yake. Ile alama ya herufi M juu ya paji la uso, ambayo wauzaji hupenda kuionyesha, huonekana kwa paka wote wenye milia, hata yule wa jirani yako asiye na jina. Tena manyoya marefu hudanganya macho. Ukitaka kujua ukubwa wa paka, mtie katika kikapu chenye kifuniko, mpime kwa mizani, kisha utoe uzito wa kikapu. Mara nyingi utaona kwamba aliyeonekana mkubwa kama mwana-mbuzi ana kilo 4 tu.

3. Kwa nini paka wa kawaida hufanana naye?

Kila mnyama hupokea urithi kutoka kwa baba na kwa mama. Kwa jambo la urefu wa manyoya, hupokea fungu moja kwa kila mzazi. Mafungu hayo wataalamu huyaita jeni. Jeni ya manyoya mafupi hufunika ile ya manyoya marefu. Kwa hiyo paka aliyepokea moja ya namna hii na moja ya namna ile huonekana mwenye manyoya mafupi, lakini ndani yake ameficha urefu.

Tuseme jike kama huyo amepandwa na dume kama yeye. Kwa wastani, katika watoto 4, mmoja atapokea jeni ya manyoya marefu pande zote mbili, naye atazaliwa na manyoya marefu. Wazazi wote wawili wana manyoya mafupi, nawe utashangaa na kusema, "Huyu ametoka wapi?" Hakutoka Maine. Ametoka katika damu ya wazazi wake, ambamo alikuwa amefichwa. Akiwa pia na milia na mifupa minene, watu watamwita Maine Coon, ingawa huenda hana hata tone la damu ya ukoo ule.

4. Ushahidi wa ukoo ni upi?

Ushahidi ni maandishi. Paka wa ukoo ana hati ya chama cha wafugaji, iliyoandikwa majina ya wazazi wake, na ya babu na bibi zake. Pasipo hati, yule ni paka mzuri mwenye manyoya marefu, basi. Si aibu kwake, wala si aibu kwako.

Mkulima aelewa jambo hili kwa mahindi. Ukinunua mbegu chotara, huamini rangi ya punje, bali huamini mfuko uliofungwa na alama iliyo juu yake. Na ukizipanda tena punje ulizovuna mwenyewe, mimea haitafanana yote na ile ya kwanza, ijapokuwa punje zilikuwa nzuri machoni. Ndivyo ilivyo kwa paka: sura ya mmoja haikuahidi sura ya watoto wake.

Kwa hiyo, mtu akikuletea mtoto wa paka mwenye manyoya mengi, akitaka bei kubwa kwa ajili ya jina, mwombe hati na mwombe kumwona mama yake. Akikosa vyote viwili, mpe bei ya paka wa kawaida, au mwache aende zake. Nawe ukiwa muuzaji, sema kweli: "Huyu ni chotara mwenye manyoya marefu, mama yake hushika panya sana." Maneno hayo yatakuletea wanunuzi watakaorudi.

5. Yafaayo shambani

Panya haogopi hati. Chagua mtoto wa jike mwindaji, mwenye macho safi na tumbo lisilovimba. Kisha shika mambo haya:

(a) Paka mwenye manyoya marefu achanwe mara kwa mara. Manyoya yake hushikana na kunasa miiba na kupe, na ngozi ya chini huumia.

(b) Usimlishe ugali mtupu. Mwili wa paka wahitaji nyama au samaki. Akikosa kwa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Aliyeshiba huwinda pia.

(c) Usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa. Dawa zenye permethrini humwua paka.

(d) Usitege sumu ya panya mahali awindapo. Akila panya aliyekula sumu, aweza kufa naye.

(e) Mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa, kwa kuwa paka naye huweza kukipata na kumwambukiza mtu.

(f) Usidhani kwamba damu ya ukoo ni afya. Maine Coon wengine hurithi ugonjwa wa moyo, ambao kasoro yake ya jeni iligunduliwa mwaka 2005. Na chotara aliyezaliwa nao aweza kuurithi pia.

KUMBUKA

Si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Manyoya ni sura, hati ni ukoo, na ghala lisilo na panya ndiyo faida. Kabla hujatoa fedha yako, jiulize: Je, nanunua jina, au nanunua mwindaji? Kama ni jina, hati yake iko wapi? Kama ni mwindaji, mama yake ameshika panya wangapi?