Somo la robo hii: Darasa la mtandaoni nalo lahitaji baraza



Maombi niliyopokea robo hii kuhusu masomo kwa njia ya mtandao yamefanana sana. Karibu yote yanaomba vifaa: kompyuta, modemu, bando la mwezi, na kule umeme unakosumbua, sola. Siyapingi. Lakini hakuna ombi hata moja lililoeleza wanafunzi watafahamiana vipi, nami nimeona jambo hilo liwe somo letu.

Nianze na tukio lililonifungua macho. Mwalimu mmoja wa chekechea huko bondeni Momba alijiunga na kozi ya cheti ya mtandaoni. Usharika ulimlipia ada ukamnunulia na simu. Simu ilikuwa nzima, bando lilikuwepo, na mwezi wa tatu akaacha. Nilipomtembelea nilitegemea alalamikie mtandao, kwa maana kule unapatikana ukipanda kichuguu. Hakuulalamikia. Alisema aliuliza swali usiku mmoja akakaa siku nane bila kujibiwa. Akatazama orodha ya wanafunzi, majina matupu na namba za usajili, akajiambia kwamba wote wale wanaelewa isipokuwa yeye. Aibu ikamshika.

Baadaye tuligundua kuwa katika orodha ile ile alikuwamo mwalimu wa Mlowo. Wote wawili hushuka Tunduma kununua mahitaji, na huenda walishapishana sokoni. Hawakujuana. Naye wa Mlowo aliacha mwezi ule ule.

Wazee wetu wana cha kutufundisha hapa. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa majuma 12, vipindi vikirushwa na Radio Tanzania. Walishiriki watu wapatao milioni 2, katika vikundi vinavyokadiriwa kufika 75,000. Sauti ilitoka Dar es Salaam lakini darasa lilikuwa chini ya mwembe. Kikundi kilisikiliza kipindi, kiongozi akasoma sehemu ya kitabu, wakajadili yanayohusu kijiji chao, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Redio haikuweza kujibu swali. Jirani aliyekaa kwenye gogo lile lile aliweza, au walau alikiri kuwa naye hajaelewa, na kwa mwanafunzi mtu mzima kukiri huko ni dawa. Tena kiongozi wa kikundi alipewa mafunzo kabla kampeni haijaanza. Hakuachwa abahatishe. Mwaka 1975 mtindo huo ulirudiwa katika kampeni ya Chakula ni Uhai.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, nacho hakikumwachia mwanafunzi bahasha ya posta peke yake. Kiliweka vituo mikoani na vipindi vya ana kwa ana. (Hata Mtume Paulo, ukisoma Wakolosai 4:16, aliagiza barua yake isomwe kanisani, kisha ipelekwe Laodikia. Hakutaka kila mmoja ajisomee kivyake.)

Wataalamu watatu wa Kanada, Garrison, Anderson na Archer, waliandika mwaka 2000 kwamba darasa la masafa linahitaji uwepo wa aina tatu: uwepo wa fikra, yaani watu kulitafakari somo kwa kina, uwepo wa mwalimu, anayepanga na kuongoza, na uwepo wa kijamii, yaani kila mmoja kujulikana kuwa ni mtu kamili mwenye jina, sauti na mahali atokapo. Miradi yetu hulipia wa kwanza na wa pili. Wa tatu huachwa ujitokeze wenyewe, na kwa uzoefu wangu haujitokezi.

Ndipo tunapofika kwenye mitandao ya kijamii inayoundwa kwa ajili ya darasa moja. Mwaka 2005 kampuni ya Marekani iitwayo Ning ilifungua huduma iliyomwezesha mtu asiyejua kuandika programu kuunda mtandao wake mdogo. Kila mwanachama alipata ukurasa wenye picha na maelezo yake, pakawa na mahali pa mijadala, pa vikundi vidogo na pa picha za kazi. Walimu wengi duniani waliipenda, kwa sababu mwanafunzi aliingia akakuta sura za watu kabla ya kukuta zoezi. Kisha mwezi wa Aprili 2010 kampuni ikatangaza kwamba huduma ya bure itakoma. Kampuni ya vitabu ya Pearson ikajitolea kulipia mitandao midogo ya walimu wa Amerika Kaskazini. Walimu wa huku kwetu hawakuwamo katika msaada huo.

Nawaomba wafadhili wetu watulie kidogo hapo. Nyumba ya kupanga ni nyumba ya mwenyewe, naye siku yoyote aweza kuidai. Zipo programu huria ambazo dayosisi yaweza kuziweka kwenye seva yake: Moodle, iliyotoka Australia mwaka 2002 na inayotumiwa na vyuo vingi vikiwamo vya Tanzania, na Elgg, iliyotengenezwa hasa kwa kujenga mitandao ya kijamii. Programu yenyewe ni ya bure. Seva na mtu wa kuitunza si vya bure, na gharama hiyo iandikwe wazi katika bajeti badala ya kufichwa kwenye mengineyo.

Najua mtauliza, je, kundi la WhatsApp halitoshi? Kwa kuitana na kusalimiana linatosha sana, nami nashauri liwepo, maana kila mtu analijua na bando lake ni dogo. Lakini swali la Jumatatu huzikwa Jumanne chini ya salamu za asubuhi, michango ya harusi na video za kuchekesha. Aliyepoteza simu hupoteza na masomo yake. Namba ya kila mmoja huonekana na wote, na akina mama wawili wamenieleza usumbufu walioupata kwa ajili hiyo. Hilo kamati zisilichukulie kwa wepesi. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi: tukikusanya picha na namba za wanafunzi, tunawajibika nazo.

Kwa kundi litakaloanza Januari tumekubaliana hivi. Juma la kwanza hakuna somo. Kila mwanafunzi anaweka picha yake, anasema anatoka wapi, anafundisha watoto wangapi, na jambo moja analoliogopa katika kozi. Wanagawanywa saba saba kwa kufuata njia za magari, si mipaka ya majimbo, kwa kuwa mtu wa Kamsamba hukutana na mtu wa Tunduma kirahisi kuliko na wa Ileje. Kila kikundi kina mwezeshaji anayelipwa posho ili kusiwe na swali linalolala siku mbili bila jibu, hata kama jibu ni kwamba bado tunatafuta. Mara moja kabla ya kuanza wote watakutana Vwawa kwa siku mbili, wale pamoja. Na wale wa mpakani waelekezwe mapema namna ya kuchagua mtandao kwa mkono, maana simu ikinasa mnara wa Nakonde salio huyeyuka.

Mwezeshaji na nauli ya Vwawa vitagharimu karibu sawa na kompyuta tulizoombwa. Hatuna fedha za vyote. Mimi nimependekeza kompyuta zipungue, na najua zipo kamati ambazo hazitafurahi, kwa sababu kompyuta huonekana mgeni akija na mwezeshaji haonekani.

Yule mwalimu wa Momba ameomba kuanza upya, safari hii pamoja na mwenzake wa Mlowo. Kamati ya usharika wake itakutana mwishoni mwa mwezi kuamua kama imlipie ada mara ya pili. Wazee wawili wanasema alishapewa nafasi yake akaichezea. Nimewaandikia barua na kuambatisha orodha ile ya majina matupu, ili waitazame wenyewe kabla ya kupiga kura.