Mume wangu anataka kukata mwembe ili nyumba iuzike

Dada mshauri,

Mimi na mume wangu tuna nyumba Goba, kwenye mteremko, na tumeishi hapo tangu watoto wakiwa wadogo. Sasa amestaafu, tumekubaliana tuiuze mwezi wa saba tuhamie Morogoro ambako tuna kiwanja. Dalali alipokuja kuiona alisema nyumba ni nzuri ila uwanja unaishusha bei, tuupendezeshe. Tangu siku hiyo hatuna amani.

Mume wangu anataka kutoa milioni tisa kwenye kiinua mgongo. Akate mwembe mkubwa ulio upande wa jua la jioni, akate na fikasi iliyoota nyuma karibu na karo, kisha aweke pevingi uwanja mzima kutoka getini hadi ukuta wa nyuma, na pembeni nyasi za bandia. Ameshachagua na simba wawili wa saruji wa kukaa getini. Maua yangu na michaichai ing'olewe yote. Nikisema neno, najibiwa kuwa sijui biashara na kwamba jina kwenye hati ni lake. Gari lake bovu limekaa chini ya mwembe huo miaka mingi, hilo haliguswi.

Masika iliyopita maji yalishuka kutoka kwa majirani wa juu yakapita kwetu mpaka kibarazani, na msingi wa ukuta wa chini ukabaki wazi. Nani kati yetu yuko sahihi? Na nifanyeje ili tusivunje ndoa kwa sababu ya mti?

Mama Rehema, Goba

*

Mama Rehema, naanza na hayo maji uliyoyataja mwishoni, kwa sababu ndiyo yatakayoamua bei ya nyumba yenu kuliko mwembe, maua au simba.

Chukua uwanja wa mita za mraba 400. Mvua moja kubwa ya milimita 50, na Dar es Salaam huzipata mvua za namna hiyo, huangusha hapo lita 20,000. Ni matenki manne ya lita 5,000, pengine kwa saa mbili tatu tu. Udongo wenye mizizi hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Ukiuziba wote kwa pevingi, karibu yote yatatafuta njia ya kushuka, yakichanganyika na yale yanayotoka kwa majirani wa juu, na njia yenyewe unaijua tayari: kibarazani kwenu, kwenye msingi ulio wazi, halafu kwa jirani wa chini. Mumeo atakuwa ametumia kiinua mgongo chake kuongeza mafuriko ndani ya ukuta wake mwenyewe.

Na mnunuzi anayezijua Goba, Kimara au Mbezi haangalii maua kwanza. Anazunguka nyuma ya nyumba, anainama, anatazama alama ya matope ukutani, plasta iliyomeguka na mahali msingi ulipoachwa na udongo. Akishaona hayo anaanza kushusha bei, au anaondoka kwa adabu na hapigi simu tena. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwa fundi wa mtaro. Ujengwe wa mawe upande wa juu wa kiwanja, upokee maji kabla hayajaufikia uwanja, uyazungushe pembeni hadi mfereji wa barabara. Bati liwekewe gata na maji yake yaingie kwenye tenki. Msingi ulio wazi ufukiwe kwa udongo ulioshindiliwa vizuri, na mbele yake ipandwe mistari ya vetiva, nyasi ambayo mizizi yake hushuka mita mbili hata tatu na kuushika mteremko. Hiyo michaichai yako unayoambiwa ung'oe inafanya kazi ya jinsi hiyo hiyo, ingawa kwa kina kidogo. Ibaki. Mlete fundi mapema, maana masika huanza Machi, na mtaro hauchimbwi vizuri kwenye tope.

Sasa mwembe. Hapo nipo upande wako kabisa, na nitakupa sababu ambayo mumeo anaweza kuipokea kama mtu wa biashara. Ukuta wa magharibi katika jiji letu hupigwa na jua la alasiri mwaka mzima. Madalali huleta wateja saa za mchana, mtu ametoka kwenye foleni, shati limelowa jasho. Akisimama chini ya kivuli kile atakaa, ataongea, ataanza kufikiria meza ya chakula ataiweka wapi. Akiingia kwenye vyumba vya upande huo atavikuta vina nafuu. Mkiukata, atakutana na ukuta unaotoa joto mpaka usiku, na hakuna mnunuzi atakayeweza kuotesha kivuli cha ukubwa huo kabla miaka mingi haijapita. Hicho ni kitu mlicho nacho ambacho nyumba mpya ya jirani haina.

Lakini usiutetee kama ulivyo sasa. Kwa unavyoueleza, mwembe wenu unaonekana kama sehemu ya kutupia vitu. Msimu wa maembe ukiisha, mtu anayejua kazi hiyo aondoe matawi makavu, yanayosugua bati, na yale ya chini yanayomlazimu mtu kuinama. Asiukate kichwa, maana mwembe uliokatwa kichwa huchipua vijiti vingi dhaifu na unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa. Kagua mchwa kwenye shina. Majani yaliyooza yazolewe, yarudishwe kwenye vitanda vya maua. Halafu chini pawe na benchi moja rahisi, si zaidi.

Ndiyo maana gari nalo lazima liondoke. Hili ndilo jambo la bei ndogo kuliko yote katika barua yako, na mabadiliko yake ndiyo yatakayoonekana haraka zaidi. Siku hizi mteja huanza na picha ambazo dalali amemtumia kwa simu. Gari lenye matairi yaliyokaa chini likitokea kwenye picha, mtu anaamini kwamba hata mabomba ya nyumba hiyo hayajaguswa miaka. Ila usiliseme mbele ya watoto wala mbele ya dalali. Mtu aliyestaafu juzi anaweza kuwa ameshika gari lile kwa sababu alilinunua akiwa bado na nguvu na cheo. Msaidie kumtafuta mnunuzi wa vipuri, na fedha hiyo aiweke yeye mfukoni mwake.

Kuhusu fikasi, mumeo yuko sahihi na mwambie hivyo kwa mdomo wako. Mizizi ya fikasi hufuata unyevu, huingia kwenye bomba na chemba, huinua sakafu. Iliyo karibu na karo ikatwe na kisiki kitolewe, kisha fundi bomba afungue chemba aone kama mizizi imeshaingia. Kabla ya kukata, ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa kama kuna kibali kinachohitajika.

Pevingi pia ni nzuri mahali pake. Wekeni njia ya gari, na njia ya miguu kutoka getini hadi mlangoni, ili mgeni asiingie ndani na matope. Angalieni zaidi kinachofanyika chini yake kuliko rangi ya vitofali: bila moramu iliyoshindiliwa na tabaka la mchanga, baada ya masika moja njia inakuwa mabonde. Penye kivuli cha mwembe pandeni nyasi za Pemba zenye jani pana. Ukoka mwembamba unataka jua kamili na utawafia hapo. Vipando vikiingia ardhini mvua za kwanza zikianza, mwezi wa saba mtakuwa na kijani halisi. Nyasi za bandia juani hupata joto la kuunguza unyayo, na mnunuzi mwenye watoto wadogo atalijua hilo mara ya kwanza atakapovua viatu. Getini, badala ya simba, pandeni bogenvilia moja ya rangi mtakayokubaliana, kwenye jua. Haihitaji maji mengi ikishashika. Simba ni jambo la ladha ya mtu, na anayenunua nyumba atapenda kuweka ladha yake.

Kuhusu milioni tisa, nakusihi usikubali. Mthamini aliyesajiliwa huangalia eneo, ukubwa wa kiwanja, hati, barabara, ubora wa jengo na bei za nyumba zinazofanana nayo zilizouzwa karibuni. Uwanja uliotunzwa unasaidia nyumba iuzike upesi na unawapa nguvu ya kutokupunguza bei, lakini si kila shilingi mnayoimwaga chini itarudi. Mtaro na msingi kwanza, kisha fikasi na karo, kisha njia ya pevingi, kisha usafi na rangi ya geti. Mimi nisingevuka theluthi ya fedha hiyo. Inayobaki itaanzisha msingi wa nyumba ya Morogoro.

Nabaki na neno gumu zaidi: kwamba hati ina jina lake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama inamilikiwa na mmoja wao. Una sauti kamili katika mauzo haya. Nimekuandikia ili ulale ukijua hivyo, lakini usiende kulitamka chumbani kesho kama tishio. Neno hilo likitangulia, mtazungumza juu ya mamlaka, na mwembe utakatwa kwa hasira tu. Mwombe mzunguke kiwanja pamoja siku ya mvua, muone maji yanapita wapi. Muulize fundi wake atayapeleka wapi, na umwachie nafasi ya kujibu. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akiheshimiwa ofisini haoni vibaya kubadili mawazo akishaona kitu kwa macho yake; anachokiona kibaya ni kushindwa mbele ya mkewe. Mwambie pia, kwa upole lakini bila kumung'unya, kwamba "hujui biashara" limekuumiza. Miaka yote hii wewe ndiye uliyeushika uwanja huo usiondoke na mvua.

Mkishakubaliana njia ya mtaro, nendeni wawili mkapige hodi kwa jirani wa chini kabla jembe halijagusa ardhi. Mwonyesheni maji yatatokea wapi, na akikataa tafuteni njia nyingine. Mnunuzi makini huwauliza majirani, na jirani huyo ndiye atakayeulizwa kwanza kuhusu masika.