Gari Lililoinuliwa Lisipopimwa, Ekseli Huhama

Wenyeji wa Machakos wanajua vema sababu ya mtu kutaka gari lake liwe juu. Njia za vilima vya Iveti na Mua zina mawe na mifereji iliyochimbwa na maji. Katika nyanda za Kapiti udongo mweusi hunata wakati wa mvua, na upande wa Masii, Mwala na Yatta iko mito ya mchanga ambayo kingo zake hugusa tumbo la kila gari lililo chini. Mvua za Oktoba hata Desemba zinyeshapo, gari lililo juu ndilo linalomfikisha mgonjwa hospitalini na maembe sokoni. Kwa hiyo watu wengi hununua springi na shokamzoba zilizo ndefu zaidi, na kuliinua gari sentimita 5 au hata 10.

Kufanya hivyo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kazi imekwisha siku springi zilipofungwa. Siku chache baadaye mwenye gari huona kwamba usukani umekaa upande ilhali gari linakwenda mbele, au tairi moja imetokeza nje ya bodi kuliko ya pili. Akifika barabara ya Mombasa, penye malori mengi, gari linayumbayumba na kumtaka alirudishe kila mara. Fundi akiambiwa, pengine husema, "Litazoea." Gari halizoei. Ekseli imehama, na hapana budi irudishwe mahali pake.

KWA NINI EKSELI HUHAMA

Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na springi za bapa, yaani vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mbele na nyuma. Springi za namna hiyo zina kazi mbili: hubeba uzito wa gari, na papo hapo huishika ekseli isiende kushoto wala kulia. Baadaye watengenezaji walianza kutumia springi za koili, zilizojizungusha kama nyoka, kwa kuwa hupunguza mitikisiko. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa nazo, na Land Rover One Ten ya mwaka 1983 vilevile. Suzuki Jimny ya mwaka 1998 iliziweka mbele na nyuma, na mwaka 1999 Toyota iliziweka mbele ya Land Cruiser za aina ya 70 za kazi nzito.

Springi ya koili hubeba uzito tu. Haiwezi kuizuia ekseli isiende kando. Kwa hiyo magari hayo yalipewa fimbo ya chuma inayolala kukingama chini ya gari, ncha moja ikifungwa kwenye chesisi na ncha ya pili kwenye ekseli. Fimbo hiyo huitwa fimbo ya Panhard, kwa jina la kampuni ya Ufaransa iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wa kwanza wa motokaa. Urefu wake haubadiliki, na hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Gari likiinuliwa, ncha ya chesisi hupanda juu na fimbo husimama zaidi. Fimbo iliyosimama hufunika upana mdogo kuliko fimbo iliyolala, kama ngazi inavyokaribia ukuta kadiri inavyosimamishwa. Basi ekseli huvutwa kuelekea upande ule ambako fimbo imefungwa kwenye chesisi.

Na ichukuliwe kwa mfano fimbo ya sentimita 90, ambayo ncha yake ya chesisi iko juu ya ncha ya ekseli kwa sentimita 10. Kwa kanuni ya pembetatu mraba ifundishwayo shuleni, upana inaoufunika ni sentimita 89.4. Gari likiinuliwa sentimita 5, upana huo huwa 88.7, yaani ekseli imehama milimita 7. Likiinuliwa sentimita 10, upana huwa 87.7, na ekseli imehama karibu milimita 17. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana: gari limeinuliwa mara mbili, lakini ekseli imehama zaidi ya mara mbili. Mtu anayesema kwamba gari la jirani yake liliinuliwa kidogo na halikupata shida, asilifanye hilo kuwa kipimo cha gari lake lililoinuliwa sana.

NAMNA YA KUPIMA

Jicho halitoshi kwa kazi hii, wala halihitaji mashine ya gharama. Kinachohitajika ni timazi ya mwashi, tepu ya kupimia, chaki, na mahali palipo sawa, kama sakafu ya saruji. Matairi yawe ya namna moja na yajazwe upepo sawasawa, na mizigo iteremshwe. Gari lisipimwe mara tu baada ya kushushwa kutoka kwenye jeki, maana springi bado hazijakaa. Kwanza liendeshwe mita chache mbele na nyuma, kisha lisimamishwe magurudumu yakielekea mbele sawa.

Timazi itundikwe kwenye ukingo wa bodi, juu ya kitovu cha gurudumu la mbele. Umbali kutoka kwenye uzi hata ukingo wa rimu upimwe, uandikwe, kisha upande wa pili upimwe vivyo hivyo. Tuseme kushoto ni milimita 62 na kulia ni milimita 48. Tofauti ni 14, na nusu yake ni 7. Ekseli imehama milimita 7 kuelekea kulia. Wengi hukosea hapa kwa kusahau kugawanya kwa mbili, wakairudisha ekseli kupita kiasi. Ikiwa gari liliwahi kugongwa na bodi si ya kuaminiwa, vipimo vichukuliwe kutoka kwenye chesisi yenyewe. Ekseli ya nyuma nayo ipimwe, ikiwa ina fimbo kama ya mbele.

NAMNA YA KUSAHIHISHA

Dawa iliyo nzuri ni fimbo yenye nyuzi za skrubu, ambayo urefu wake waweza kubadilishwa na kukazwa kwa nati. Magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo, na gari libaki limesimama kwa magurudumu yake. Ncha moja ya fimbo ifunguliwe, na urefu uongezwe kadiri ya nusu ile iliyopatikana, katika mfano huu milimita 7. Ekseli ivutwe polepole kwa ukanda wa kukazia mizigo mpaka tundu lilingane na bolti. Bolti zikazwe gari likiwa limebeba uzito wake, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, bushi za mpira hujipinda na kuchakaa upesi. Kisha vipimo vichukuliwe tena. Nyuzi za skrubu zilizobaki ndani ya fimbo ziwe za kutosha, nazo nati zikaguliwe baada ya kilomita 500 hivi.

Wako wanaokata fimbo ya zamani, wakaongeza kipande cha bomba na kukichomelea. Jambo hili ni la hatari. Fimbo hiyo hubeba nguvu yote ya ubavuni katika kila kona, na ikikatika kwenye mteremko wa vilima, ekseli huenda kando na usukani hautii tena. Fedha iliyookolewa kwa kuchomelea ni ndogo kuliko gharama ya matanga.

Ekseli ikisharudi katikati, ndipo usukani uangaliwe. Ukiwa bado umekaa upande kidogo, usawazishwe kwa kurekebisha fimbo inayotoka kwenye gia ya usukani hata kwenye gurudumu. Haifai kuung'oa usukani na kuurudisha umenyooka, kwa sababu gia yake imetengenezwa kukaza vema inapokuwa katikati. Kufanya hivyo ni kuficha kosa, si kulisahihisha. Kadhalika fimbo hiyo na fimbo ya Panhard zibaki zikilala kwa mwinamo mmoja. Moja ikishushwa na nyingine ikaachwa, gari hujigeuza lenyewe kila linapopita juu ya tuta.

KUYUMBA KWA GARI

Pengine ekseli imerudishwa katikati, na gari bado linayumba. Sababu huweza kufahamika kwa kutazama baiskeli. Uma wa mbele wa baiskeli haukusimama wima. Umelala nyuma kidogo kwa juu, na mwinamo huo husaidia gurudumu kurudi mbele lenyewe. Ekseli ya mbele ya gari ina mwinamo kama huo. Katika magari yenye springi za koili yaliyotajwa, ekseli hiyo imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayokwenda nyuma hata kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, mikono hiyo huizungusha ekseli, na mwinamo hupungua. Mkono ukiwa na urefu wa mita moja, kuinua gari sentimita 5 hupunguza nyuzi 3 kwa kukadiria. Hizo si kidogo. Dawa yake ni bushi maalumu ambazo tundu lake halikutobolewa katikati, au mikono iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lililoinuliwa. Kazi hii, pamoja na kuelekeza magurudumu ya mbele, yafaa ithibitishwe kwa mashine ya karakana.

MAGARI YENYE SPRINGI ZA BAPA

Pikapu na malori mengi bado yana springi za bapa nyuma. Haya hayana fimbo ya Panhard, lakini yana shida yao. Ekseli hukaa mahali pake kwa kichwa cha bolti ya katikati kinachoingia katika tundu lake. Kichwa hicho kisipoingia, au bolti ikikatika, upande mmoja wa ekseli hurudi nyuma, na gari huenda kiubavu kama kaa wa pwani. Kwa hiyo umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma upimwe pande zote mbili, nao uwe sawa. Vipande vya mbao au vyuma visivyotengenezwa kwa kazi hiyo visiwekwe kamwe kati ya springi na ekseli.

KABLA YA KURUDI BARABARANI

Mipira ya breki iangaliwe kama ina urefu wa kutosha usukani unapogeuzwa hata mwisho, gari likiwa limening'inia. Propela isikwaruze mahali. Dereva naye akumbuke kwamba gari lililoinuliwa hupinduka upesi kuliko lilivyokuwa, hata kama limepimwa vema. Mwendo wa zamani katika kona haufai tena. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo yenye kazi ya kukagua magari nchini Kenya, na ni busara kuuliza huko, na kwa kampuni ya bima pia, kabla ya kulibadili gari.

Saa mbili za kupima kwa timazi na tepu si nyingi mbele ya maisha ya abiria. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ekseli ni milimita chache tu, na mwenye kuupima mapema huuziba kwa spana moja.