Faini Ni Juu ya Nani?

Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja wa Ras Kitau, afanyaye kazi ya upishi katika nyumba ya wageni, masala ambayo twadhani yamewapata wengi katika wasomaji wetu. Asema: nilimlipa mtu anijazie ritani yangu ya kodi, akaipokea fedha, kisha mimi nikaandikiwa faini. Je, faini hiyo ni juu yangu au ni juu yake?

Hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe, basi na tukijue kwanza. Mtu mwenye PIN ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya aliyeandikishwa kodi ya mapato hutakiwa alete hesabu ya mwaka uliopita kabla ya kupita tarehe 30 Juni. Wengi hudhani kuwa aliyekwisha kukatwa kodi na tajiri wake kila mwezi hana tena la kufanya. Sivyo. Kukatwa kodi ni jambo moja na kuleta hesabu ni jambo jingine, na fomu P9 apewayo mfanyakazi na tajiri wake ndiyo ya kumwezesha kuleta hesabu hiyo. Tangu mwaka 2015 hesabu hizi huletwa kwa mtambo wa iTax. Mamlaka haitozi kitu kwa kuleta hesabu, lakini asiyejua kuutumia mtambo huenda kwa ajuaye, akampa ujira. Hapana ubaya katika hilo. Mwenye kumwandikia asiyeweza kuandika ni mtu wa kheri, na ujira wake ni halali yake maadamu ameandika.

Ndugu yetu alivuka kwa mashua hadi mjini Amu mwezi wa Juni 2021, akaingia duka moja la saiba, akatoa kitambulisho, PIN, fomu P9 na shilingi 500. Akaambiwa, "Tayari, mzee, enda zako." Hakupewa karatasi yoyote. Juni 2022 akafanya vivyo hivyo. Mwaka 2023 akapata kazi iliyo bora, akatakiwa alete cheti cha kuwa hadaiwi kodi, na cheti kikakataa kutoka.

Alipotujia tulifuatana naye. Siku ya kwanza tuliambiwa mtandao hauna nguvu, turudi kesho. Siku ya pili tuliambiwa kijana aliyeifanya kazi ile hayupo tena, na neno la siri analijua yeye. Tukaomba litolewe neno jipya. Hapo ndipo lilipodhihiri jambo baya kuliko yote: neno jipya hupelekwa kwa barua pepe, na barua pepe iliyoandikwa katika hesabu ya mpishi ilikuwa ya yule kijana! Yaani mtu amejenga nyumba na ufunguo uko mfukoni mwa fundi aliyehama. Siku ya tatu mwenye duka alitaka shilingi 500 nyingine ili "afungue". Tulikataa. Tulikwenda kwa maofisa wa Mamlaka na kitambulisho, wakaiondoa barua pepe ile wakaandika yake mwenyewe, wala hawakutaka senti.

Hesabu ilipofunguka tuliona mawili. Ritani ya mwaka 2020 haikupelekwa kabisa, na faini yake ni shilingi 2,000. (Kabla ya sheria kupunguzwa mwaka 2018 ingalikuwa 20,000, basi kwa hilo na ashukuru.) Ritani ya mwaka 2021 ilipelekwa ya sufuri, kana kwamba mtu aliyepika miezi kumi na miwili hakupata hata shilingi moja, na P9 walikuwa nayo mkononi. Sufuri huandikwa kwa dakika chache, na P9 yataka kusomwa. Hiyo ndiyo sababu, hatuoni nyingine. Ritani hiyo ilirekebishwa, kwani mtambo una njia ya kuisahihisha iliyokwisha kupelekwa.

Sasa jawabu. Mbele ya Serikali faini ni juu ya mwenye PIN, wala hasikilizwi akisema fulani alinijazia. Ama baina yake na mjazaji, mambo ni mengine. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wametaja mtu aliyeajiriwa kunakili kitabu akakosea makosa makubwa: hana ujira, na thamani ya karatasi alizoziharibu ni juu yake. Basi aliyeandika sufuri mahali pa mshahara ni kama huyo, na ambaye hakuandika kitu kabisa ana udhuru gani? Shilingi 1,000 za miaka miwili ni za kurudishwa. Na faini nayo twaona ni juu yake, kwani imeletwa na taksiri yake.

Huenda mtu akasema kuwa mwajiriwa ni mtu wa amana, hatozwi dhamana. Ni kweli, ila akifanya taksiri hutozwa. Tena imepokewa kutoka kwa Rabii bin Sulaiman, mwanafunzi wa Imamu Shafi, kuwa Imamu aliona mafundi hawana dhamana lakini hakupenda kuitangaza rai hiyo, kwa kuwaogopa mafundi waovu. Naye hakuyaona maduka ya saiba mwisho wa Juni.

Ndugu yetu ameuliza pia juu ya karatasi iliyobandikwa ukutani dukani humo: "Ukishatoka hatuhusiki." Karatasi hiyo haimwondolei mwenye duka kitu. Kumsamehe mtu haki ambayo bado haijathubutu juu yake si msamaha katika madhehebu yetu, na mpishi alipoingia dukani hakuwa bado anamdai mtu. Na arudi akadai shilingi zake 3,000, aende na mashahidi wawili na ile risiti ya faini.